Kisima Kimebarikiwa, Nani Anakipima?



Wengi wetu tuliolelewa katika parokia za katikati ya nchi tumewahi kusimama kwenye ibada ya kubariki kisima. Kwaya inaimba, wafadhili wanavishwa vitenge, Padre ananyunyiza maji ya baraka, kisha mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei anafungua bomba na akina mama wanapiga vigelegele. Ni furaha ya kweli na hatuna nia ya kuipunguza. Mama aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kufukua mchanga wa korongo apate ndoo moja, anajua kwa nini anapiga vigelegele.

Lakini kuna swali ambalo halimo kwenye ratiba ya sherehe. Siku ile kisima kilipobarikiwa, maji yalikuwa mita ngapi kutoka juu? Na leo yako mita ngapi? Katika visima vya Kanisa tunavyovifahamu sisi, jibu la swali la kwanza limo kwenye karatasi ya mchimbaji ambayo imeshapotea, na la pili halina jibu.

Tumeonja wenyewe. Mwishoni mwa kiangazi kimoja pampu ya seminarini kwetu ilianza kutoa maji ya tope, baadaye ikatoa hewa. Fundi alipofika aliuliza jambo moja tu: maji yalianza kushuka lini? Tukatazamana. Tulikuwa na daftari la wageni, daftari la nia za Misa, hata daftari la mayai ya kuku. Kisima kinachotunywesha sote, na ng'ombe, na bustani ya mboga, hakikuwa na hata ukurasa mmoja.

Si mbali na hapa, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kuna mahali ambapo swali la fundi yule lingejibiwa papo hapo. Ni Makutapora, kwenye visima vinavyolisha jiji. Huko, tangu miaka ya 1950, wafanyakazi wa idara ya maji walikuwa wakishusha kipimo ndani ya visima na kuandika kina cha maji. Waliandika wakati wa mkoloni, wakaandika baada ya Uhuru, wakaandika ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu. Walistaafu, wengine wakashika kamba. Hatudhani kuna aliyewapigia vigelegele.

Mwaka 2013 jarida la kisayansi la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliojengwa juu ya kazi hiyo. Uliongozwa na Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, pamoja na wataalamu wa maji Watanzania, akiwamo Lister Kongola. Walikuwa na mfululizo wa vipimo wa miaka 55, jambo la nadra sana katika nchi kame za tropiki. Na walichokiona humo kinapaswa, kwa maoni yetu, kubadili namna tunavyozungumza juu ya mvua na visima, hata mimbarini.

Wengi wetu tuliamini kwamba kila mwaka mvua ikinyesha, chini ya ardhi maji hujazwa kidogo, kama mtungi unaoongezwa maji kila jioni. Vipimo vya Makutapora vinaonyesha sivyo. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 kwa mwaka, yote katika msimu mmoja, kifuku, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ya kawaida ikianguka, udongo uliokauka miezi saba huinywa kwanza, migunga na mibuyu huchukua yake, na jua letu, mnalijua, halisubiri. Mkulima anavuna mtama, lakini ndani ya mwamba hakuna kinachofika, au kinafika kidogo mno. Kwa hiyo maji ya visimani yalikuwa yakishuka mwaka hadi mwaka, taratibu. Kisha unakuja msimu mmoja wenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, na kina kinapanda ghafla. Halafu miaka mingine ya kushuka. Misimu hiyo mikubwa ilihusiana na El Niño na hali ya joto la Bahari ya Hindi, na mkubwa kupita yote ulikuwa ule wa 1997/98.

Watu wazima mnaukumbuka. Ndio msimu uliobomoa madaraja, ukakata barabara na reli, ukafagia mashamba. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo bado unasimuliwa kama pigo. Wala hatusemi hawakuumia. Tunachosema ni kwamba jiji na vijiji vinavyotegemea maji yale viliendelea kunywa miaka mingi baadaye kwa sababu ya msimu ule ule.

Hapa tunajikumbusha Yosefu na ghala za Misri katika Mwanzo 41. Mwamba wa Makutapora ni ghala ya namna hiyo, ila sisi hatukupewa ndoto ya kutuambia miaka ya shibe ni mingapi na itaanza lini. Tunachoweza kujua ni kiasi kilichobaki ghalani, nacho hujulikana kwa kupima tu. Na walaji wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,000. Ipo mipango mikubwa ya kuleta maji kutoka Ziwa Viktoria na kujenga bwawa la Farkwa, na tunaiombea heri. Lakini nje ya mabomba ya jiji, kwenye seminari, nyumba za watawa, shule na zahanati zetu, kila mmoja ana shimo lake na pampu yake.

Na pampu zenyewe zimebadilika. Pampu ya dizeli ilikuwa na mlezi wake mkali, bei ya mafuta. Ekonomo alipoona dumu limekwisha, bomba lilifungwa. Siku hizi tumepata pampu za sola, na tunamshukuru Mungu na wafadhili, maana maji hayana tena gharama ya kila siku. Hapo ndipo penye hatari. Jua likichomoza pampu inavuta, likizama inaacha. Simtanki likijaa maji yanamwagika kwenye migomba na hakuna anayenyanyuka, kwa kuwa hakuna shilingi inayopotea. Tumeona bustani ya maua inamwagiliwa saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, kwa maji ambayo huenda yaliingia ardhini wakati sisi hatujazaliwa.

Utafiti mwingine uliofuata huko huko Makutapora, uliochapishwa 2021 na kumshirikisha Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliuliza maji yanapitia wapi kuingia. Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa yanapitia kwenye mchanga wa mito ya msimu, mto Kinyasungwe Mdogo na makorongo yanayomwaga humo. Yaani lile korongo kavu ambalo mtoto wa mjini analiona kama jalala ndilo mlango wa ghala. Tangu tusome hilo tunaona aibu kupita kwenye korongo lililo nyuma ya parokia moja tunayoifahamu, ambako taka za sherehe zote za mwaka hutupwa, zikiwamo chupa za plastiki za siku ya kubariki kisima.

Sasa tuje kwa wanaotupinga, maana tumeshawasikia, wengine mezani kwetu wakati wa chakula.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya wizara na ya wataalamu. Mseminari ashike falsafa na teolojia yake. Tunawaomba wafungue tena Laudato si' ya Baba Mtakatifu Fransisko, ya mwaka 2015, watazame mpangilio wake tu. Injili ya uumbaji imo katika sura ya pili. Sura ya kwanza inaanza na yale ambayo sayansi imeyaona: uchafuzi, tabianchi, maji, kupotea kwa viumbe. Papa alitaka tutazame kwanza kinachoendelea nyumbani kwetu, ndipo tufungue kinywa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et spes namba 36, ulishafundisha kwamba vitu vilivyoumbwa vina sheria zake ambazo mwanadamu anapaswa kuzigundua na kuziheshimu. Gregor Mendel, yule abati Mwaugustino wa Brno tunayemkumbuka kwa njegere zake, aliandika pia vipimo vya hali ya hewa kwa miaka mingi hadi karibu na kifo chake mwaka 1884. Hakuona kwamba vinamwondoa kwenye nadhiri zake.

Wapo wengine, hasa waamini wacha Mungu, wanaohofu kwamba kupimapima ni kupungukiwa imani. Mzee mmoja alitukumbusha, nusu kwa utani, kwamba Mfalme Daudi aliadhibiwa kwa kuhesabu watu. Tulimheshimu tukacheka naye, lakini tukamuuliza juu ya mwanamke Msamaria. Alipokutana na Bwana kando ya kisima cha Yakobo, jambo moja alilomwambia ni kwamba kisima ni kirefu. Alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiteka kila siku. Bwana hakumkemea kwa kujua hilo. Misa ya kuombea mvua tutaendelea kuiadhimisha, na tutaiadhimisha vizuri zaidi tukijua tunaomba nini.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nasi tunalikubali kwa sehemu kubwa. Tukianza kuhubiri kwamba mvua kubwa ndizo zinazojaza visima, tutasikika vipi Katesh? Tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu mwingine wa El Niño, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80. Mbele ya makaburi yale hakuna frateri atakayezungumza juu ya kina cha maji ardhini. Wanasayansi wanatuambia kwamba dunia inapozidi kupata joto, mvua kubwa zitazidi kuwa kali. Huenda zikajaza miamba yetu vizuri zaidi, na huo huo ukali ukabomoa nyumba za maskini waliojenga bondeni au chini ya mteremko kwa kuwa hawakupata kwingine. Kwa hiyo hatuwezi kuita mvua ile neema tukanyamaza, wala kuiita laana tukanyamaza. Tunachokiona sisi ni wajibu wa aina mbili kwa msimu mmoja: kuwaondoa watu njiani mwa maji kabla hayajaja, na kuyaachia maji njia yake ya kuingia ardhini. Parokia inayojua ni kaya zipi zimejenga korongoni inaweza kuanza na la kwanza bila kusubiri mfadhili. Viongozi wa Jumuiya wanazijua nyumba hizo kwa majina.

Kuhusu kupima, kazi yenyewe ni ndogo mno kiasi kwamba inatia aibu. Kunahitajika utepe wenye alama za mita, wenye kichwa kinacholia kinapogusa maji. Kifuniko cha kisima kiwe na tundu la kuupitisha, nalo lifunikwe kila baada ya kupima. Kipimo kichukuliwe alfajiri, pampu ikiwa imepumzika usiku kucha, na kila mara kutoka alama ile ile, la sivyo tarakimu zitadanganya. Kipima mvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, kisomwe saa tatu kila asubuhi. Mwisho wa mwaka nakala ya daftari ipelekwe ofisi ya bonde la maji, maana tarakimu za kisima kimoja kilichofungiwa kabatini haziwezi kuwasaidia majirani wanaovuta kutoka mwamba ule ule. Tunaiomba kila parokia yenye kisima imteue mtu mmoja, na tungependelea awe kijana wa kidato cha pili au cha tatu anayesoma jiografia, akiongozwa na mama wa WAWATA anayeshika ufunguo wa bomba.

Sisi tumeanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kwa kuwa huku kwetu mwaka wa Kanisa na mwaka wa mvua hufunguka karibu pamoja. Mafrateri wawili wanashika zamu kwa wiki, saa kumi na moja na nusu, kabla ya Masifu ya Asubuhi. Kipimo cha kwanza kilikuwa mita 41 na sentimita 20. Baada ya wiki tatu kilikuwa mita 41 na sentimita 60, na mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu, milimita 9. Padre Gombera aliziona tarakimu hizo akaagiza bustani imwagiliwe jioni, na maua yasubiri. Ubao tumeutundika ukutani jikoni, kando ya ratiba ya kuosha vyombo, na mpishi ndiye anayeusoma kwanza kila siku.