Gari Likigoma, Usililazimishe

Jumapili moja mwezi wa Januari, saa tatu za usiku, jirani yangu alinibishia hodi. Mkononi alikuwa na simu, usoni wasiwasi. Mwanawe anasoma Minneapolis, Marekani, na baada ya masomo hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko ilikuwa saa sita mchana, na kijana alitakiwa kazini saa tisa.

"Jirani, gari la mtoto limekataa kwenda," akaniambia. "Lilikaa majuma matatu kwenye theluji. Injini inanguruma, lakini gari halisogei hata inchi moja. Anasema sasa anasikia harufu ya kitu kinachoungua."

Nikamwuliza kijana yuko wapi wakati huo. Jibu lake lilinishtua.

"Ameketi ndani ya gari, injini haijazimwa, ili apate joto. Anangoja tumwambie la kufanya."

"Mama, mwambie azime injini na atoke nje sasa hivi," nikasema. "Mengine baadaye."

Sababu ni hii, msomaji. Theluji ikirundikana nyuma ya gari huziba paipu ya moshi. Moshi ukikosa njia ya kutokea hupenya hadi ndani walipo watu. Katika moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, ile ile itokayo kwenye jiko la makaa ambalo wengine wetu huingiza chumbani baridi ya Julai inapozidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu husinzia asiamke. Kwa hivyo, kabla ya kupiga stata, chukua sepetu uondoe theluji yote nyuma ya gari. Wala usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

Kijana alipotoka nje na kuzima injini, tulianza kutafuta ugonjwa. Kumbuka kwamba gari lisilowaka na gari linalowaka lakini haliendi ni magonjwa mawili tofauti. Lisilowaka, anza na betri, kwa kuwa kwenye baridi ya nyuzi sifuri betri hupoteza kiasi cha thuluthi moja ya nguvu zake, na oili nayo huwa nzito. Lakini hili lilikuwa linawaka. Basi nikamwuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: je, magurudumu yanazunguka? Yakizunguka mahali pamoja, gari halina kosa, ni utelezi. Chimbua barafu iliyo mbele ya magurudumu, umwage mchanga. Akasema hayazunguki kabisa.

Swali la pili: ukiweka gia na kuachilia klachi polepole, injini inafanyaje? Ikinguruma ovyo kama haijabeba mzigo wowote, shuku klachi au giaboksi. Na ikiwa gia haiingii injini ikiwa imewashwa, ilhali huingia ikiwa imezimwa, huenda sahani ya klachi imegandamana kwa kutu. Akasema gia inaingia vizuri, lakini injini inalemewa na kuzimika.

Swali la tatu: gari linapojaribu kwenda mbele, sehemu ya nyuma inafanyaje? Akasema inainama kidogo, kama mtu anayetaka kuketi.

Hapo nikajua. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakivuta na ya nyuma yakikataa. Kijana alikuwa amevuta handbreki kabla ya kuliacha gari. Maji ya theluji iliyoyeyuka yakaingia kwenye dramu za breki na kwenye ala ya waya wa handbreki, kisha yakaganda. Alipoteremsha mkono wa handbreki, ulishuka, lakini breki zenyewe zilibaki zimeng'ang'ania. Harufu aliyoisikia ilikuwa ya klachi, iliyokuwa ikiungua kwa sababu alikuwa akilazimisha.

Kulazimisha ndiko kunakogeuza kasoro ndogo kuwa hasara kubwa. Ukizidi kukanyaga mafuta, utaunguza klachi au utabandua bitana za breki.

Nikamshauri apande basi aende kazini, gari alishughulikie kesho yake asubuhi bila pupa. Mtu mwenye haraka ndiye huingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki juu ya barafu, na jeki huteleza.

Asubuhi alifuata mambo haya. Aliondoa theluji nyuma na kuzunguka magurudumu yote. Akapandisha na kuteremsha handbreki mara kadhaa. Akachukua nyundo ya mpira, akagonga dramu za nyuma, si rimu, bila kuliinua gari. Kisha akawasha injini, akaweka gia ya nyuma, akaachilia klachi taratibu. Halafu gia ya kwanza. Halafu nyuma tena. Mara ya tatu ukasikika mlio, "ko!", na gari likasogea.

Nilimwonya asimwage maji ya moto. Mafundi wengi wa mtaani hukimbilia birika, lakini kwenye baridi ya aina hiyo maji huganda tena upesi, na yakigusa kioo kilichoganda hukipasua.

Baada ya hapo aliendesha polepole katika barabara isiyo na magari, akikanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke. Aliposimama alikaribisha kiganja kwenye kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, breki yake bado inashika, na fundi lazima aione kabla ya safari.

Usidhani haya ni ya ughaibuni pekee. Nairobi haina theluji, lakini ina mvua, na kutu hufanya kazi ile ile ya barafu. Wengi wetu huosha gari Desemba, tukavuta handbreki likiwa bado limelowa, kisha tukaenda mashambani kwa matatu. Tukirudi Januari, gari limeshikana na dramu zake, nasi tunaita vijana wa mtaa walisukume. Kabla ya kumwita mtu yeyote, jiulize maswali yale matatu.

Kinga ni rahisi. Ukiosha gari, liendeshe kidogo ili breki zikauke. Ukiliacha siku nyingi, liegeshe mahali tambarare, liweke gia ya kwanza, au P ikiwa ni otomatiki, utie mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na handbreki uiache chini. Ukirudi, toa mawe kwanza.

Jirani yangu alikuja tena Jumatatu usiku kunishukuru kwa ajili ya gari. Nikamwambia, mama, gari lingengoja hata mwezi. Mimi nilifurahi kwamba mtoto alitoka ndani ya lile gari alipoambiwa.

Tukutane Jumapili ijayo.