Kuacha Shahada ya Juu Kabla ya Kuhitimu: Kushindwa au Mang'amuzi?

Mwishoni mwa kila mwaka vyuo vikuu vyetu hufanya mahafali, na katika Jumapili zinazofuata parokia nyingi hupokea nia za Misa za shukrani. Majoho huingia kanisani, majina husomwa wakati wa matangazo, na waamini hupiga vigelegele. Ni vema na haki kumshukuru Mungu kwa zawadi ya elimu. Lakini wapo ndugu zetu ambao majina yao hayasomwi. Ni wale walioanza shahada ya uzamili au ya uzamivu, wakamaliza masomo ya darasani, kisha wakakwama katika tasnifu, mwaka baada ya mwaka.

Miezi michache iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari alifika ofisini kwangu akiwa na mke wake. Alianza shahada ya uzamili ya miaka miwili; sasa ni mwaka wa nne. Kiwanja kimeuzwa, mkopo wa SACCOS bado unakatwa, na sura ya tatu ya tasnifu imerudishwa na msimamizi kwa mara ya tano. Mke wake alisema taratibu: "Padre, mimi utafiti siujui. Ninachojua ni kwamba watoto wamezoea kulala kabla baba yao hajainuka kwenye ile meza." Kisha mwalimu akauliza: "Padre, nikiacha nitakuwa nimetenda dhambi?"

Kwa nini wengi wamefika hapa

Swali hilo si la mtu mmoja. Katika nchi zetu shahada ya juu imegeuka kuwa tiketi ya cheo. Nchini Kenya, vigezo vilivyotolewa mwaka 2014 na tume inayosimamia vyuo vikuu viliwataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamivu, na wengi wakaanza kuikimbilia kwa hofu ya kupoteza kazi. Hapa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inatilia mkazo ujuzi na amali. Hata hivyo, katika familia na maofisi bado tunampima mtu kwa karatasi aliyonayo.

Mzigo wa fedha nao si mdogo. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza. Mtumishi aliyenufaika nayo hukatwa asilimia 15 ya mshahara kulipia shahada ya kwanza, na kwa kinachobaki hutafuta ada ya shahada ya pili. Tena darasani kuna ratiba na wenzako, lakini katika tasnifu mtu hubaki peke yake. Asipokuwa na msimamizi wa karibu, miezi hupita bila ukurasa mpya, na aibu humfanya azidi kujificha.

Mnara na mfalme

Katika Injili ya Luka 14:28-32, Bwana wetu anatoa mifano miwili inayofuatana. Wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kuishia msingini. Mara nyingi sisi wahubiri tunaishia hapo, na msikilizaji anaondoka akiamini kwamba kuachia njiani ni fedheha daima. Wahenga nao wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Lakini Bwana haishii hapo. Anaendelea na mfalme mwenye askari elfu 10 anayeendewa na mwenye elfu 20. Mfalme huyo naye anaketi na kutafakari. Akiona hawezi, anatuma wajumbe kutaka amani wakati adui angali mbali. Bwana haelezi mfalme huyo kuwa mwoga. Kuhesabu kunaweza kumfikisha mtu katika kuendelea, na kunaweza pia kumfikisha katika kusimama mapema, kabla hajawaangamiza walio chini yake. Bwana alitoa mifano hii akifundisha juu ya gharama ya kumfuata yeye. Kwa hiyo hata hesabu ya masomo ianzie katika swali hilo: je, njia hii inanisaidia kumpenda Mungu na wale alionikabidhi?

Mafundisho ya watakatifu na wachungaji

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliyajua haya kwa mang'amuzi yake mwenyewe. Alianza kujifunza Kilatini huko Barcelona mwaka 1524, akiwa amepita miaka 30, pamoja na watoto. Kila alipoketi kukariri somo, mawazo matamu ya kiroho yalimjia yakamvuta mbali na kitabu. Alitambua kuwa ni kishawishi, kwa kuwa mawazo hayo hayakumjia alipokuwa akisali. Akavumilia hadi akapata shahada yake Paris. Lakini mtakatifu huyo huyo, akiwa anasoma teolojia huko Paris, alilazimika kuondoka mwaka 1535 kwa sababu ya afya, kabla ya kukamilisha masomo hayo. Mwaka 1537 alipewa daraja ya upadre.

Katika Mazoezi yake ya Kiroho ametuachia kanuni yenye hekima: wakati wa ukiwa wa kiroho, usibadili uamuzi uliouweka ulipokuwa na utulivu. Usiku ule sura yako iliporudishwa imejaa wino mwekundu si wakati wa kuandika barua ya kujiondoa. Subiri, sali, lala, kisha uketi uhesabu.

Tunamkumbuka pia Papa Fransisko. Mwaka 1986 alikwenda Ujerumani kuandaa tasnifu ya uzamivu juu ya mwanateolojia Romano Guardini. Hakuimaliza. Karibu miaka 30 baadaye, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alimnukuu Guardini mara kadhaa. Alichokisoma hakikupotea, ingawa cheti hakikupatikana.

Maswali ya kujiuliza

Kwanza, fundo liko wapi? Kama tatizo ni msimamizi, kanuni za vyuo huweka njia ya kuomba mwingine. Kama ni ugonjwa au msiba, omba kuahirisha masomo kwa maandishi, usipotee kimya. Baadhi ya vyuo huwapa waliofaulu masomo ya darasani stashahada ya uzamili. Pili, ni nini kimebaki? Usihesabu kiwanja kilichokwisha kuuzwa. Hesabu miezi, ada na nguvu zinazohitajika kuanzia leo. Tatu, ninadaiwa na nani kwa haki? Aliyesomeshwa na mwajiri, jimbo au shirika amefungwa na ahadi, na hana ruhusa ya kuamua peke yake. Nne, nikiondoa hofu ya watu watasema nini, bado ninaitaka kazi hii? Ukijibu ndiyo, vumilia, na uombe msaada.

Naandika haya nikijua kosa langu. Miaka iliyopita binti mmoja aliniletea swali kama la mwalimu huyu. Nilimjibu kwa methali, kwamba mvumilivu hula mbivu, nikambariki akaenda. Sikumuuliza hata swali moja. Aliendelea miaka miwili zaidi, akaongeza madeni, na mwishowe akaacha akiwa mgonjwa. Uvumilivu ni tunda la Roho Mtakatifu, lakini mimi nilimpa neno hilo ili nisibebe mzigo wake.

Na sisi sote tujihoji. Tunapomwita mtu "Daktari" kabla hajatetea tasnifu yake, au tunapoanza michango ya sherehe yeye akiwa bado kwenye sura ya pili, tunamfungia mlango wa kurudi. Shahada si sakramenti wala nadhiri. Parokia iwe mahali ambapo mtu anaweza kurudi bila joho na kupokelewa kama mwana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwalimu yule nilimjibu kwamba kuacha kwenyewe si dhambi, ila aamue kwa haki na kwa utulivu. Walikwenda wakasali na kuhesabu kwa majuma sita, wakaonana na msimamizi, na hatimaye akaandika barua ya kujiondoa. Jumapili iliyofuata hapakuwa na tangazo wala vigelegele. Nilimwona benchi la nne, mtoto wake mdogo amelala begani.