Siri Isiwe Sababu ya Kukosa Orodha

Kabla bendera ya Uingereza haijateremshwa Nairobi, Desemba 1963, maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa na kazi moja ambayo haikutangazwa gazetini: kuchambua majalada. Yaliyoonekana hayana madhara yaliwekwa kando yarithiwe na serikali mpya. Yaliyoweza kuitia Uingereza aibu, au kuwafichua polisi na watoa habari wake, yaligongwa muhuri wa herufi W, na amri ikatoka kwamba yasishikwe ila na ofisa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Mengine yalichomwa, na waliochoma waliagizwa wahakikishe hata majivu yamepondwa. Njia nyingine iliyoruhusiwa ni kuyafunga ndani ya masanduku mazito na kuyazamisha kwenye kina kirefu, pasipo na mkondo, mbali na pwani. Yaliyobaki yalisafirishwa Uingereza.

Amri ya moto inatisha, lakini iliyofanya kazi kwa miaka mingi zaidi ni nyingine. Iliagizwa kwamba majalada yatakayoachwa yasiwe na rejea hata moja ya yale yaliyoondolewa, na kwamba kuwapo kwa majalada ya W kusijulikane kabisa. Anayesoma asijue kwamba kuna alichonyimwa. Wakoloni walielewa jambo ambalo ofisi nyingi za Afrika Mashariki hazijalitia akilini hadi leo, ya kwamba anayetaka karatasi ipotee hana haja ya kiberiti. Inatosha isiandikwe popote.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kenya iliyadai majalada hayo mwaka 1967 ikakataliwa. Hatimaye yakaishia Hanslope Park, Buckinghamshire, kituo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza chenye ulinzi mkali. Hapo hayakuwa siri tu, yalikosa na mwenyewe: hayakupelekwa Hifadhi ya Taifa kama sheria ya nyaraka za umma inavyotaka, hayakuwa katika orodha ambayo mtafiti angeweza kuisoma, na watumishi waliojua habari zake walistaafu mmoja mmoja. Mwaka 2009 wazee watano Wakenya, walioteswa na askari wa kikoloni wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni kuzima uasi, walifungua kesi London. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi wa kitaalamu, na swali la masanduku yaliyoondoka Nairobi likashikiliwa mpaka likapata jibu. Mwanzoni mwa 2011 wizara ilikiri: yapata majalada 1,500 ya Kenya, katika masanduku 300 hivi, yakiwa sehemu ya majalada 8,800 kutoka makoloni 37. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa madai ya Wakenya 5,228.

Kati ya 1963 na 2011 ni miaka 48. Karatasi zilikuwa salama muda wote huo, bila mchwa wala mvua. Kilichokosekana ni mtu wa kuziandika kwenye orodha inayosomeka, na kwa kukosekana huko maelfu ya watu walizeeka na kufa wakihesabiwa waongo.

Atatokea msomaji wa kusema: mambo mengine hayafai kufunuliwa. Jalada la polisi lina jina la mtoa habari ambaye wajukuu wake wangali kijijini. Jalada la hospitali lina maradhi ya mtu. Jalada la mahakama lina ushahidi wa mwanamke aliyebakwa. Hoja hii ni ya kweli, na anayeipuuza hajawahi kukaa nyuma ya meza ya maktaba. Lakini inachanganya vitu viwili. Yaliyomo katika jalada ni jambo moja. Habari kwamba jalada lipo ni jambo jingine. Mkutubi aliyefunzwa hutenganisha hayo mawili. Huandika namba, kichwa, miaka inayohusika, ofisi lilikotoka, kisha huongeza mambo mawili ambayo wakubwa wa ofisi hawayapendi: sababu ya kufungwa, na tarehe ya kufunguliwa. Kichwa chenyewe kikiwa kinamtaja mtu, huandikwa kwa namna isiyomtaja. Basi siri imelindwa, na raia amejua cha kudai na lini akidai.

Ujerumani ilipata mtihani huu kwa ukali usio wa kawaida. Januari 1990 wananchi waliingia kwa nguvu makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, jijini Berlin. Nyaraka zilizookolewa, zikipangwa rafuni, zina urefu wa yapata kilomita 111, mbali na maelfu ya magunia ya karatasi zilizochanwa kwa mikono. Wapo waliotaka zote zifungwe, kwa hofu ya visasi. Bunge likapitisha sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 1991, na siku chache baadaye, Januari 1992, watu wakaanza kusoma majalada yao wenyewe. Kanuni yake inastahili kuigwa: aliyepelelezwa anasoma jalada lake, majina ya watu wengine wasio na hatia yanafutwa kwa wino mweusi kabla hajapewa, jina la aliyempeleleza, aombapo, anaelezwa.

Ingefaa wakutubi watafakari jinsi Stasi wenyewe walivyopanga kadi zao. Faharasa moja ilikuwa na majina halisi ya watu na namba ya usajili. Nyingine ilikuwa na namba hiyo na kesi yake, bila jina halisi. Aliyeshika moja tu hakupata kitu. Maana ilipatikana kwa kuziunganisha. Ufundi uleule uliotumika kuwafunga watu ndio uliotumika, mikononi mwa watunza nyaraka wapya, kuwarudishia maisha yao. Rwanda nayo inabeba mzigo wa namna hii: mahakama za gacaca, zilizofungwa 2012, ziliamua kesi zaidi ya milioni 1.9, na karatasi zake zina majina ya walionusurika mauaji ya kimbari na ya waliohukumiwa, majirani wa kilima kimoja.

Wala asidhani mtu kwamba kazi hii inahitaji utajiri wa Ulaya. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko Dar es Salaam zilikuwa zikisomwa na wachache sana, kwa sababu ya lugha yake na mwandiko wake wa zamani, hadi mwongozo wake ulipochapishwa kwa vitabu viwili mwaka 1973. Tangu hapo mwanafunzi anaweza kujua jalada gani aombe kabla hajakanyaga ngazi za jengo. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na 2003 ikaziingiza hati na vitabu vya Kiarabu vilivyohifadhiwa Zanzibar.

Upo ugumu mwingine usiohusu siri kabisa. Elimu ya kitaalamu inaweza kuwa wazi mezani na bado ikafichika, kwa kuwa imeandikwa kwa maneno ambayo mhitaji hayajui. Mama wa Kilosa anatafuta habari za degedege. Vitabu vya tiba vitampa malaria kali, homa kali, mishtuko ya watoto, kila kimoja mahali pake. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilishughulikia tatizo la aina hii kwa kuweka, mwaka 1960, orodha ya vichwa vya mada ambamo majina mengi ya ugonjwa mmoja huelekezwa kwenye kichwa kimoja. Shirika la Afya Duniani nalo lilianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002, ili vyuo na hospitali za nchi maskini zipate majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Majarida yamefika. Daraja la kutoka degedege hadi kwenye jarida bado halijajengwa, na wa kulijenga ni mkutubi wa wilaya akikaa na muuguzi, kadi moja baada ya nyingine.

Mhitaji huyo naye ana siri yake. Kijana anayeazima kitabu cha Ukimwi hapaswi kuulizwa ni cha nani. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut, Marekani, walipokea barua ya wapelelezi wa FBI wakitakiwa kutoa habari za watu waliotumia kompyuta ya maktaba kwa dakika 45 za siku fulani, na wakakatazwa hata kusema kwamba barua imefika. Walikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa na ombi likafutwa. Wakutubi wa huku na wajiulize kama daftari lao la kuazimia halikai wazi mezani, kila apitaye akisoma nani kaazima nini.

Sheria hazikosekani. Kenya na Tanzania zote zilipitisha sheria ya kupata habari mwaka 2016. Ya kulinda taarifa binafsi Kenya ilipitisha 2019 na Tanzania 2022. Lakini sheria haipangi makabrasha. Penye masijala ambayo mhudumu wake ameletwa pale kwa adhabu, hakufunzwa, hana rafu, na majalada ya ardhi yamelazwa sakafuni, haki ya raia ni maandishi tu. Halmashauri na kaunti ziajiri watunza nyaraka waliosomea kazi hiyo, ziwalipe kama watu wanaoshika mali ya umma, na ziwatake kila mwaka watoe orodha, ikiwamo ya majalada yaliyofungwa.

Mwananchi naye asingoje. Asianze kwa kuomba jalada; aombe orodha ya majalada. Ofisi ya Kenya ina siku 21 za kumjibu, ya Tanzania siku 30. Akijibiwa kwamba orodha haipo, adai jibu hilo kwa maandishi, lenye tarehe na sahihi, kisha alipeleke mbele: Kenya kwa Ombudsman, Tanzania kwa mkuu wa taasisi, na asiporidhika, kwa Waziri.