Majibu ya mke si majibu ya mume

Kuna mwanaume ambaye kila mtaa unamjua. Mkewe akirudi kutoka kliniki ya wajawazito, yeye huomba kadi, hupitisha macho mpaka palipoandikwa majibu ya kipimo cha VVU, akikuta mke hana maambukizi hushusha pumzi. Siku hiyo hata kijiweni huchangia mazungumzo kwa sauti kubwa. Anaamini naye amepima.

Hajapima. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi katika kila tendo la ndoa. Ndiyo maana wapo wenza walioishi pamoja kwa miaka, mmoja anavyo na mwenzake hana. Kadi ya mke inaeleza habari za damu ya mke, tena ya siku ile aliyotolewa. Kuhusu damu ya mume haisemi lolote.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lingeishia kwa mwenye kulitenda. Haliishii hapo. Mama aliyekutwa salama katika hudhurio la kwanza, kisha akaambukizwa akiwa bado na mimba au akinyonyesha, huwa na virusi vingi mwilini kwa kuwa maambukizi ni mapya, na hatari ya kumpitishia mtoto huongezeka. Tangu 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito anayekutwa na VVU dawa za maisha yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Juhudi hiyo inaweza kubatilishwa na baba mmoja aliyejipima kwa kusoma kadi ya mwenzake.

Wala asiseme dawa hakuna. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Anayejua, anatibiwa. Wanaopotea ni wale ambao hawajafika mezani kwa mpimaji, na uzito wa wanaume kufika hapo ni wa siku nyingi. Serikali iliutambua mwaka 2018 ilipoanzisha kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga wao hasa. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili kuruhusu mtu kujipima mwenyewe.

Sababu za uzito huo tunazijua, na si zote ni za kubeza. Mbeba zege analipwa kwa siku. Asubuhi aliyokaa kwenye benchi la zahanati ni asubuhi aliyowanyima watoto unga. Akifika, anakuta jengo limeandikwa afya ya uzazi na mtoto, na kila aliyeketi ni mama. Akirudi mtaani, wapo watakaomcheka kwamba amelishwa limbwata, anafuata khanga ya mkewe mpaka kliniki. Hayo yote ni kweli. Hakuna hata moja linalotosha kumwachia mke akatoe damu kwa niaba ya wawili.

Lakini hukumu yetu nzito zaidi si kwa mume huyu. Ni kwa wale waliogeuza wito wa kumleta baba kliniki kuwa fimbo ya kumchapa mama. Katika maeneo kadhaa ya nchi hii mjamzito anayefika peke yake huambiwa arudi na mume, au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji kueleza mume yuko wapi. Aliyeachwa anaambiwa hivyo. Aliyekataliwa na mwenye mimba anaambiwa hivyo. Hata ambaye mumewe yuko machimboni anaambiwa hivyo. Wapo waliolazimika kumwomba mwendesha bodaboda aingie naye na kujibu maswali kama baba wa mtoto.

Tuulizane: barua hiyo inatibu nini? Wakati anaitafuta, wiki za mwanzo za mimba zinapita, nazo ndizo za kugundua upungufu wa damu, au kaswende inayotibika kwa sindano ya penisilini kabla haijamdhuru mtoto. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kuwa ni takribani theluthi moja tu ya wajawazito walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Halafu tunamwekea kizuizi yule aliyejikongoja akafika! Mwongozo wa kumhimiza baba kushiriki haukumpa mhudumu ruhusa ya kumrudisha mama mlangoni. Na tukumbuke, anayeadhibiwa hapo ni yule aliyetii. Aliyekaidi yuko nyumbani, anasubiri kusoma kadi.

Utaratibu huo ufutwe leo. Waganga wakuu wa wilaya watoe waraka unaoeleweka: mjamzito hahudumiwi kwa barua, anahudumiwa kwa kuwa ni mjamzito. Mwenyekiti wa kijiji ana kazi nyingine za kufanya. Halmashauri zinazotaka kweli wanaume wapime zifungue milango jioni na Jumamosi, zipeleke wapimaji stendi, mnadani, mwaloni na kwenye maeneo ya ujenzi, na vifaa vya kujipima vipatikane bila kuzungushwa. Waajiri nao watoe ruhusa ya nusu siku bila kukata ujira.

Hayo yakifanyika, mwanaume atakuwa hana pa kujificha. Hata kabla hayajafanyika, kipimo ni bure na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Baba, rudisha kadi ya mkeo alipoiweka, kisha nenda ukachukue majibu yako.