Mshonaji Muasi wa London

Mwezi wa Machi, mwaka 1981, katika ukumbi wa Olympia mjini London, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi aliwastaajabisha watazamaji. Wasichana na wavulana walipita mbele yao wamevaa kama maharamia wa kale: mashati mapana, vitambaa vimefungwa viunoni, kofia kubwa na buti laini. Mshonaji huyo ni Bibi Vivienne Westwood.

Kabla ya hapo alijulikana kwa fulana zilizochanwa na kushikizwa kwa pini, na wazee wengi wa Uingereza walimwona mpotoshaji wa vijana. Lakini kuchana nguo hakuhitaji ufundi. Ufundi wake ulitokana na kununua nguo kuukuu, kuzifumua mshono baada ya mshono, na kujifunza zilivyokatwa. Kwa mavazi ya maharamia alirudia ukataji wa zamani, ambapo shati huundwa kwa vipande vya mraba na mstatili. Kipande kidogo cha mraba hutiwa kwapani, mkono ukainuka bila nguo kuvutika, na kitambaa hakipotei bure.

Alifariki mwezi wa Desemba 2022, akiwa na umri wa miaka 81. Nguo zake ni za bei kubwa. Mshahara wa askari hauzifikii. Somo lake halina bei. Shati kuukuu la baba, kabla halijawa tambara la kupigia deki, na lifumuliwe taratibu, vipande vipigwe pasi, viwe kigezo cha shati jipya.