"Angalau Sisi Si Kama Tana River": Neno Linalotulaza Usingizi



Leo hatuzungumzii lesi wala mkia wa gauni. Tumekereka na jambo, na tutalisema.

Sisi ni washonaji. Kibanda chetu kiko Lamu mjini, na wanawake wa kila upande hupita hapa: wa Langoni na Mkomani, wa Shela na Matondoni, wa Pate, Siyu na Faza, hata wa Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Mwanamke akisimama kupimwa huwa na maneno. Na kila maneno yakifika kwenye afya na uzazi, hakosi mmoja kusema: "Angalau sisi si kama Tana River." Wenzake huitikia alhamdulillah, na mazungumzo huishia hapo. Viongozi nao husema hivyo hivyo majukwaani, na sisi hupiga vigelegele.

Tuanze na ukweli wa neno lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa Kenya nzima, wanawake 89 kati ya 100 walizaa wakisaidiwa na mtaalamu wa afya. Tana River walikuwa 59 tu kati ya 100, miongoni mwa kaunti za mwisho kabisa. Lamu haimo katika kundi hilo la mwisho. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa Kilifi ndiyo iliyoongoza kwa watoto waliodumaa: 37 kati ya 100, ilhali wastani wa nchi ni 18. Huko nako sisi tuko afadhali. Kwa hiyo hatusemi kwamba watu ni waongo. Tunasema ukweli huo unatumiwa vibaya.

Kwanza, kaunti si mtu mmoja. Tukiwapima mabibi harusi watatu, mmoja mwembamba, mmoja mnene, mmoja mrefu, kisha tukajumlisha vipimo tukagawa kwa tatu, gauni tutakaloshona halitamfaa hata mmoja wao. Hivyo ndivyo wastani wa kaunti ulivyo. Wa Mkomani anakwenda hospitali kwa miguu. Wa Mpeketoni ana hospitali na barabara. Wa Basuba ana msitu. Wa Kiunga na Ndau ana bahari, na bahari wakati wa kusi haimjui mwenye uchungu. Hawa wote wamegawanywa kwa nambari moja, kisha tunaambiwa Lamu iko afadhali. Nani aliye afadhali? Mtaje kwa wadi yake.

Tuwape kisa, na jina la mtu wala la kisiwa hatutalitaja. Tulimshonea bi harusi kutoka kisiwa cha mbali, gauni la rangi ya maziwa, mikono mirefu, shanga kifuani. Mashallah, alipendeza. Baadaye alirudi tumshonee madera mapana ya mimba, mawili. Uchungu ulimshika usiku baada ya Isha, miezi ya kusi, maji yamekupwa. Zahanati ya karibu ilikuwa na muuguzi mmoja, naye aliona damu imezidi uwezo wake. Boti ilikuwepo, petroli haikuwepo. Majirani walichanga, wengine wakatoa ya mashua zao za kuvulia. Wakafika hospitali alfajiri. Mama alipona, alhamdulillah. Mtoto alivuta pumzi kidogo, kisha akatangulia. Baada ya arubaini alikuja kwetu na yale madera mawili, akatuomba tuyapunguze.

Sasa sikilizeni. Mwanamke huyu akijiwa na watu wa takwimu wakamuuliza alizalia wapi, atajibu: hospitali. Alisaidiwa na nani? Daktari. Atatiwa kwenye hesabu ya waliofaulu. Ataipandisha Lamu juu ya jirani zake. Hilo ndilo "angalau" tunalolishangilia.

Pili, tunawacheka jirani ambao njia yetu inapita kwao. Hospitali ikishindwa na mgonjwa wetu, anakwenda wapi? Malindi au Mombasa. Anapita wapi? Mokowe, Witu, Garsen. Garsen iko Tana River. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilipoujaza mto Tana, barabara ya Garsen hadi Lamu ilikatika, na wasafiri wakavushwa kwa boti mahali ambapo huwa tunapita kwa basi. Siku hizo balaa la jirani lilikuwa balaa letu. Mama wa Tana River anazuiwa na mto, wa Kiunga anazuiwa na bahari. Wote wawili wana ugonjwa mmoja, nao ni njia. Badala ya kuwashukuru Mungu kwa shida yao, tungepaswa kuungana nao tudai pamoja.

Na Kilifi nayo ina somo. Kilifi ina hospitali kubwa Malindi na Kilifi mjini, na Mombasa iko mlangoni. Hata hivyo ndiyo iliyoongoza kwa watoto kudumaa. Maana yake jengo la hospitali peke yake haliwi afya. Mtoto anadumaa jikoni, kwa chai ya rangi na uji mtupu, mama mwenyewe akiwa na upungufu wa damu tangu mimba. Nasi tujiulize: samaki wetu wazuri wanapakiwa kwenye barafu kwenda Mombasa, na mtoto wa mvuvi anakula nini? Tusijipigie makofi kabla ya kuchungulia vyungu vyetu wenyewe.

Wako watakaotuambia: ni qadari, tumtegemee Mungu. Tunamtegemea. Lakini kuhifadhi nafsi ni moja katika makusudio makuu ya sharia, na tawakali haijawahi kuwa boti isiyo na petroli. Aliyekabidhiwa petroli hiyo ataulizwa. Na sisi tulionyamaza tutaulizwa pia.

Wengine watasema mambo haya si ya wanawake, ni ya siasa. Sawa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bora inayowezekana, na imetaja afya ya uzazi waziwazi, tena ikakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya iko mikononi mwa kaunti. Kaunti hiyo ni lazima itusikilize kabla ya kupitisha bajeti. Kikao cha bajeti kikiitishwa, wanaume wanajaza viti. Sisi tuko wapi? Tuko kwenye foleni ya hina.

Tunayoyataka ni matatu. Kaunti itoe hesabu za uzazi na za watoto kwa kila wadi, Faza peke yake, Kiunga peke yake, Basuba peke yake. Boti ya wagonjwa katika visiwa vya mbali iwe na petroli na nahodha usiku na mchana, kusi na kaskazi. Na pawe na nyumba ya kungojea karibu na hospitali, ili mama wa mbali aje wiki za mwisho kabla uchungu haujamkuta baharini.

Nawe bi harusi, usingoje kaunti. Kwenye orodha yako kuna hina, piko, singo, asumini, gauni la kesha na gauni la kutolewa nje. Tunakushonea yote kwa furaha, ndiyo riziki yetu. Lakini tunakuomba punguza gauni moja. Naam, sisi wenyewe tunakuomba ututoe kazi hiyo. Fedha hizo ziweke mbali ziwe nauli ya boti na gari. Jisajilini bima ya SHA wewe na mumeo kwa *147#. Jueni makundi ya damu yenu, mpimwe na selimundu, maana ugonjwa huo uko mwingi Pwani. Ukipata mimba anza kliniki mapema, na vidonge vya kuongeza damu umeze, usiviweke kabatini. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho yakaona giza, au mtoto akiacha kucheza, usingoje ruhusa ya mama mkwe. Mume naye aambiwe hayo kabla ya ndoa, mbele ya wazee, kama anavyoambiwa mahari.

Na akija tena mtu kibandani akasema "angalau sisi si kama Tana River", tutamtolea dera moja kati ya yale mawili. Mwenyewe hajarudi kulichukua mpaka leo.

Mungu awahifadhi, awajaalie uzao mwema wenye afya. Wabillahi tawfiq.