Cheti cha Mtandaoni, Mgonjwa wa Mnazi

Azimio la Alma-Ata la 1978 liliwatambua waganga wa jadi katika afya ya msingi. Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, ikaweka utaratibu wa kuwasajili. Leo mhudumu wa afya aliyeko Mnazi, Lushoto, akiwa na simu na bando, anaweza kusomea tiba jumuishi mtandaoni. Ni vyema. Lakini somo linalomfundisha yoga bila kumfundisha kuuliza, “Nyumbani umetumia dawa gani?” lina faida gani? Mgonjwa aliyezoea kukemewa huficha mitishamba yake. Na ufiche huo huweza kuua. Nasema bila kupepesa macho: cheti kisichomkutanisha mhudumu na mganga ni karatasi tu. Wizara idai mtaala unaoanzia kwa mgonjwa.